Vanishi Nyeupe ya Kakiika

Wapenzi, leo nimesimama mbele yenu ninapumua bila kukohoa, na kwangu hilo si jambo dogo.

Munanijua, fundi wa vitanda hapa Nakivale. Miaka mingi nilipaka vanishi iliyolainishwa kwa petroli, ndani ya chumba bila dirisha. Kifua kikaanza kulia. Nikamwambia mke wangu ni vumbi. Ndugu zangu, nawaambia, nilimdanganya hadi siku nilipoanguka juu ya kitanda cha mteja, vanishi ingali mbichi, mke wangu akaja kunibandua. Daktari wa Mbarara akanikataza ile harufu kabisa. Mke wangu akawa analima peke yake, mimi nimekaa tu na hasira mingi.

Kisha fundi mwenzangu akanitafutia fasi kwenye karakana moja Kakiika, kulekule Mbarara, wanapotumia vanishi isiyo na harufu. Msimamizi, mama Munyankore, mwenyeji wa kule, akanipa ndoo. Kufungua, naona kitu cheupe kama maziwa. Nikasema moyoni, hawa wameuziwa maji. Alipotoka nikatia petroli niliyokuja nayo kwa chupa, ili niitengeneze. Vanishi yote ikagandana mabonge mabonge. Kazi niliyoiombea, nimeiharibu asubuhi ya kwanza.

Ningeweza kusema niliikuta hivyo. Lakini nilishachoka kudanganya, nikamwita.

"Nyabo, mama yangu, ni mimi. Nilidhani wameiongeza maji, nikatia petroli."

Akanitazama. "Fundi, hii maji ni yake, ndiyo inailainisha. Petroli ya nini? Kuja uone."

Akapaka ubao kwa vanishi ya ndoo nyingine. Nikataka kuusukuma chini ya taa yao ya mionzi ya kukaushia vanishi, akanishika mkono. "Ngoja maji itoke kwanza." Weupe ukafifia, mistari ya mbao ikatokea. Ndipo akaupitisha ndani ya kisanduku cha taa, kwa sekunde chache. "Gusa." Nikakwaruza kwa ukucha. Kavu, ngumu. Mimi niliyezoea kungoja siku mbili nikifukuza nzi. Nikavuta pumzi ndefu nikingoja kikohozi, hakikuja. Nikamshangaa Mungu, nikalia mbele ya mama wa watu.

Asante mke wangu uliyetulisha, asante fundi mwenzangu, na yule mama ambaye hakunifukuza. Vijana munaopaka vanishi, kifua kikilia, semeni siku hiyohiyo. Ile ndoo niliikiri asubuhi moja. Kifua nilikificha miaka, na hicho ndicho kingeniua.