Mama Getrude wa Ghala na Simu Iliyoita Kwenye Kompyuta

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, Mama Getrude Nyanzala anakabidhi funguo za ghala la Ushirika wa Asali Miombo, hapa Inyonga, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Alilipokea mwaka 1994 likiwa banda la nyasi lenye mapipa manne. Analiacha na rafu kumi na mbili na sakafu ya saruji, na hakuna pipa lililowahi kupotea mikononi mwake. Kamati imenipa mimi, Respicius, dereva wa lori la ushirika, kazi ya kuandika habari zake, kwa kuwa nimefanya naye kazi miaka ishirini na minne, na kwa kuwa hapa ofisini hakuna anayesimulia kunishinda.

Shule nimeishia darasa la saba, lakini barabara ya Mpanda imenionyesha mambo. Nimewahi kusubiri saa nne nzima tembo amalize kujikuna kwenye bampa ya lori langu. Kiboko mmoja kule Hifadhi ya Katavi alinikimbiza mpaka injini ikazima, lori likaendelea kwenda lenyewe kwa hofu. Anayebisha aje aione bampa. Katika yote hayo sikushtuka kama nilivyoshtuka Ijumaa moja ya Machi 2013, nikiwa ndani ya ofisi, nimekaa kwenye kiti.

Kwanza mjue kazi yake ilivyo. Mzigo ukifika, Mama Getrude haangalii umeandikwa nini kwa nje. Anaufungua pale pale mlangoni, anashika orodha, anatoa kimoja kimoja na kila kitu kinakwenda kwenye rafu yake. Kitu kikihamishwa, mahali kilipokuwa anatundika kadi: "Angalia rafu ya tisa." Tulimcheka sana kwa kadi zake. Siku moja nilichelewa kurudi kazini mchana, nikakuta ametundika kadi kwenye mlango wa lori: "Dereva: angalia kwa mama ntilie." Mwenyekiti aliisoma kabla yangu.

Sasa mwaka huo wa 2013 asali ya misimu miwili ilikuwa imelala ghalani bila mnunuzi. Wanachama walichoka. Mkutano mkuu ukaamua kwamba Machi ikiisha bila mnunuzi, ghala lifungwe na mtunza ghala aende nyumbani. Mama Getrude alikuwepo mkutanoni, na yeye ndiye aliyepanga viti.

Mnunuzi akapatikana Ujerumani, ila na sharti lake. Alitaka kuongea na sisi kwa sauti, Ijumaa saa tisa alasiri, kupitia ukurasa wake wa mtandao. Simu za mkononi wakati ule zilikamata juu ya kichuguu nyuma ya ghala tu, tena upepo ukivuma zinakata. Ofisini tulikuwa na mtandao wa dishi na kompyuta moja. Lakini ili ukurasa ule upige simu, ilibidi kupachika kwenye kivinjari kiprogramu kidogo cha sauti, kinaitwa kiongezo.

Hapo ndipo tulipokwama. Kompyuta yetu ilikuwa inaendeshwa na Linux, mfumo aliouweka fundi Dieudonne alipokuwa anajitolea hapa, baada ya virusi kula kumbukumbu za ghala. Aliweka aina isiyojulikana na wengi, akarudi zake Kigoma. Kiongezo kilitengenezewa aina nyingine mbili za Linux. Yetu haikuwemo.

Tukamleta Edgar, fundi wa kompyuta kutoka Mpanda. Nilimfuata mwenyewe na lori, mvua inanyesha, nikatumia muda ambao hata basi halijaufikia mpaka leo. Edgar alikaa siku mbili. Kila akibofya kiongezo, kompyuta inakikataa. Ijumaa asubuhi akasema dawa ni moja tu, kufuta kila kitu na kuanza upya. Kila kitu maana yake na vitabu vya ghala, vya tangu mwanzo, ambavyo Mama Getrude alivichapa kimoja kimoja kwa vidole viwili.

Mama Getrude akaja, akakalia kile kiti cha mbele ya kompyuta, akakataa kunyanyuka.

"Mwanangu, huo mzigo umeufungua ukaona ndani kuna nini?"

"Mama, haufunguki. Umetengenezewa mashine nyingine."

"Sijauliza umetengenezewa nani. Nimeuliza ndani kuna nini."

Edgar akanitazama mimi, nami nikatazama dirisha. Akaandika amri zake, mzigo ukafunguka. Ndani kulikuwa na mafaili manne, na kila faili limeandikwa folda linapotakiwa kukaa. Mama Getrude akavaa miwani.

"Folda hiyo sisi tunayo?"

"Hatuna. Ya kwetu ina jina lingine."

"Ila kazi yake ni ile ile? Basi weka humo. Linalofuata."

Wakapanga yote manne. Kivinjari kikakiona kiongezo, halafu kikagoma, kikidai faili moja la kusaidia ambalo hakilipati. Mwenyekiti wetu, Mzee Josephat, akajifuta jasho na kusema basi, tumeshindwa kiungwana. Mama Getrude akauliza kama humo ndani hakuna la kufanana nalo. Edgar akatafuta. Lilikuwepo, jina lile lile, namba ya mwisho tu ndiyo tofauti, jipya zaidi.

"Tundika kadi," akasema Mama Getrude.

"Kadi gani tena, mama?"

"Pale linapotafutwa, andika kwamba liko huku. Kompyuta yenu haina kadi?"

Edgar akashika kichwa. Ilikuwa nayo. Akaandika mstari mmoja, akafungua kivinjari upya, na kile kitufe cha simu kikageuka kijani. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilikuja kukikumbuka kimeshapoa.

"Mama, haya umesomea wapi?"

"Ghalani. Wewe ulidhani nalala humo?"

Saa tisa kompyuta ikaita kama simu. Mzee Josephat alikuwa ameandaa Kiingereza chake, lakini ikatoka sauti ya mwanamke wa Kizungu inayoongea Kiswahili cha Tabora, ikiuliza asali ni mapipa mangapi, ya mizinga gani, imevunwa mwezi gani. Mzee akatazama dari. Mama Getrude akasogea, akajibu pipa kwa pipa, mia moja na sita, bila karatasi. Na yale mawili yaliyoingia maji akayataja bila kuulizwa. Kisha ile sauti ikasema, "Huyu anayejibu ndiye nitakayefanya naye kazi."

Ghala halikufungwa. Mnunuzi yule tunaye mpaka leo. Mchango wangu nao uandikwe: jenereta niliiwasha mimi, na mafuta yalipoisha katikati ya maongezi niliiambia ingoje kidogo, ikangoja.

Wiki iliyopita tumehesabu ghala ili apokee Faith, mtunza ghala mpya. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Tulipofika kwenye kiti chake tukakuta kadi imetundikwa mgongoni mwa kiti, kwa mwandiko ule ule: "Getrude: angalia nyumba ya tatu nyuma ya kanisa."

Nimeendesha lori miaka yote hii bila kutoa chozi. Siku hiyo vumbi lilikuwa jingi ghalani.

Mama Getrude, ushirika mzima unasema asante. Mungu akupe afya, mizinga yako ijae, na wajukuu wakusikilize kuliko tulivyokusikiliza sisi. Hiyo kadi hatuitoi. Na mlango usiufunge, maana tutakuja kukuangalia hapo ulipoandika.