Vidonge vya Mtu Mnene

Kwenye basi liendalo hospitali, kiti cha mbele yangu alikaa fundi cherehani, mwembamba kama uzi wake. Pembeni yake alikuwa muuza nyama, ambaye pua zetu zilimjua kabla hajajitambulisha. Mimi macho yalikuwa dirishani, masikio kwao.

"Figo zangu zimechoka, kaka," fundi alisema. "Mwezi uliopita daktari akaniambia zikishachoka hivi, mafuta yanajaa kwenye damu na moyo unaumia. Akanipa vidonge. Mimi! Hebu nitazame. Hayo mafuta yakae wapi?"

"Kwa hiyo hukuvimeza?"

"Dawa haitupwi. Nampa mume wangu. Nyumbani kwetu mwenye mafuta ni yeye."

Akamwonyesha bwana mmoja aliyejaza kiti cha nyuma, amelala fofofo. Kwa makadirio yangu, alikuwa watu wawili kasoro kichwa.

Muuza nyama akaguna. "Dada, mimi nachinja kila siku. Kuna mbuzi mbavu zote nje, nikimpasua nakuta figo zimevikwa mafuta kama koti."

"Sasa mimi ndiye mbuzi?"

"Mbuzi hagawi dawa yake."

Basi likasimama mlangoni mwa hospitali. Mume akaamka, akatupia mkoba wa mkewe begani, akaruka ngazi zote kama kijana. Fundi akashuka ngazi moja, akashika mlango, akahema, mkono kifuani.

"Umemwona?" akamwambia muuza nyama kwa fahari. "Dawa inafanya kazi."