Ni Wino Tu

Spana, rudishia mlango, lakini dirisha liache hivyo hivyo, nataka nisikie ndoo za majirani zikijaa pale bombani. Na wewe Daktari, acha kunihesabia pumzi kwa macho, njoo ukae upande wangu wa kulia, maana sikio la kushoto limestaafu kabla yangu. Haya, sikilizeni wanangu. Muuguzi amesema nisiongee sana, nami nimemwitikia kwa adabu, ila yeye ana wagonjwa wengine na mimi nina ninyi wawili tu, tena nina jambo nililolifungia kifuani miaka ishirini na sita, na kifua chenyewe sasa hakina nguvu ya kulibeba.

Nianze na ya nyumba ili yaishe. Vyumba vya mbele ni vyako, Spana, wewe ndiye kifungua mimba wangu na mikono yako ndiyo iliyotandaza mabomba yake yote. Chumba cha nyuma, chenye meza na makasha ya madaftari, ni cha dada yako huyu Daktari, na asiingizwe mpangaji humo hata siku moja mpaka dada yako amalize shule yake. Baiskeli mpeni yeyote atakayevumilia breki zake. Najua, Spana, uliwahi kutaka madaftari yale yaende kwa muuza karanga akafungie biashara yake, ukaniuliza, mzee unangoja nini, si yataliwa na mchwa bure. Nilikuwa naingoja siku hii, mwanangu, na nilikuwa naiogopa.

Mnanijua mimi nilikuwa bwana afya wa mtaa huu miaka thelathini na miwili. Kila juma nilipita nyumba kwa nyumba, daftari kwapani, kalamu imefungwa kwa uzi kwenye kifungo cha shati kwa sababu watoto wa mtaa huu walikuwa na mikono mirefu. Miaka ya mwanzo nilikuwa naingia, nakaa kwenye kigoda, namuuliza mama wa nyumba, tumbo la mtoto likoje wiki hii? Naye ananieleza, mara ngapi, rangi gani, na wengine walininyanyulia mpaka nepi niione mwenyewe, na mama yenu akawa hataki nimwambie lolote niliporudi chakulani. Mtoto akiwa amechafukwa na tumbo, niliandika N, ndiyo. Akiwa mzima, niliandika H, hapana. Kazi ilikuwa hiyo tu, na niliifanya vizuri.

Halafu ukaja mwaka wa bomba. Spana, ulikuwa na miaka kumi na tisa, ndevu tatu, ukichimba mtaro pamoja na mafundi, ukirudi nyumbani unajivuna kama vile mto wenyewe umeuchimba wewe. Mwaka ule ule, wanangu, na hapa nataka mnisikilize vizuri, mwaka ule ule ofisini likaletwa dodoso. Karatasi yenye maswali yaliyokwisha kuandikwa, na agizo kutoka juu kwamba tusome kama ilivyo, tusiongeze neno, tusipunguze neno. Je, mtoto ameharisha katika siku saba zilizopita? Ndiyo au hapana. Basi nikaanza kupita na karatasi hiyo, nimesimama mlangoni kama karani wa mahakama. Nikamsomea mama wa kwanza swali, akamtazama mtoto aliyelegea mgongoni, akanijibu, hapana bwana afya, hajaharisha, ni meno tu.

Ni meno tu. Mnalijua neno hilo, mmelelewa nalo. Mtoto wa miezi saba, wa miezi kumi, tumbo likimwendesha kutwa, mtaani kwetu hakuna aliyesema anaharisha. Kuharisha ni ugonjwa, na ugonjwa ni aibu ya nyumba, lakini meno ni ukubwa, ni mtoto anakua, majirani wanakupongeza. Mimi nililijua hilo tangu sijaoa. Lakini karatasi ilisema nisiongeze neno, nami nilikuwa nimepewa shati jipya lenye nembo mfukoni, kichwa kikanivimba. Nikaandika H. Nyumba ya pili, H. Mwezi ule nilijaza H mpaka kidole kikaota sugu.

Mtu mmoja tu alinishika shati. Yule mama mkunga wa nyumba ya tatu kutoka hapa. Alisimama kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya wakubwa wangu, akasema, bwana afya, wewe siku hizi unauliza jina, huulizi choo, na ukiuliza jina utapewa jina. Watu wakacheka. Nami nikaona aibu, nikamwambia, mama, kaa chini, hii ni sayansi, si umbea wa foleni ya maji. Akakaa. Tangu siku ile hajakanyaga kizingiti cha nyumba hii, na ninyi mkawa mnaniuliza tumegombania nini, nikawajibu eti ni mambo ya mpaka wa uzio. Hatuna uzio na yule mama, wanangu. Kati yetu kuna nyumba mbili.

Nipe maji kidogo. Inatosha.

Sasa ninakuja kwa mdogo wenu. Mlimcheka mama yenu kwa kupata mimba mtoto wake wa kwanza akiwa na ndevu, kisha yule kitindamimba alipozaliwa mkagombania kumbeba, na wewe Daktari ulikuwa na miaka kumi na mmoja, ukimfunga mgongoni kwa kanga mpaka kwenye mchezo wa kuruka kamba. Nyumba yetu nayo ilikuwa kwenye orodha yangu. Siku ya Ijumaa nikasimama mlangoni pangu mwenyewe na karatasi, nikambishia mama yenu hodi kama mgeni, kwa utani, nikamsomea, je, mtoto ameharisha katika siku saba zilizopita? Akacheka, akaniambia, bwana afya, hapana, ni meno tu, na wewe ingia ule. Nami nikacheka. Nikaandika H, nikaingia, nikala.

Jumatatu asubuhi tukamzika. Alikuwa na miezi tisa.

Niliwaambia ni homa. Mama yenu nilimwambia ni homa, akaondoka duniani akiamini ni homa, na kila alipojilaumu kwamba hakumfunika vizuri nilitazama ukuta. Haikuwa homa. Mtoto alikwisha maji mwilini ndani ya nyumba ya bwana afya, na kopo la chumvi na sukari lilikuwa kabatini, na mafunzo ya kuvichanganya nilikuwa nimeyatoa mimi mwenyewe mtaa mzima. Mama yenu hakuwa na kosa. Nilimpenda, na nilimwacha abebe mzigo ambao ulikuwa wangu. Hilo nitamweleza mwenyewe nikifika aliko.

Baada ya pale sikuweza tena kuandika H kwa amani. Lakini sikuweza pia kwenda ofisini kusema swali lenu bovu, maana wangeniuliza umejuaje, na ningelazimika kumtaja mtoto wangu. Basi nikawa nafanya hivi: mama akisema hapana, ni meno tu, ninaandika H kama karatasi inavyotaka, na chini ya H ninaweka nukta ndogo. Nukta moja, hakuna aliyeiona. Nilikuwa naipeleka ofisini jumla ya H, wao wanafurahi, nukta zinabaki nyumbani. Miaka kumi na minane niliziweka. Ndani ya miaka hiyo mtaa ukapewa cheti kwa kupunguza maradhi ya tumbo, kile pale ukutani sebuleni, nami nilikipokea kwa mikono miwili na kupigwa picha.

Daktari, mwanangu, usiniachie mkono. Kaka yako amezoea kukutania kwamba wewe ni daktari wa makaratasi, daktari asiyejua hata kudunga sindano, nawe unacheka, lakini mimi najua umesotea shahada hiyo ya uzamivu miaka minne, ukifundisha mchana na kusoma kila upenyo ulioupata. Uliponiambia utafiti wako wa afya ya jamii utatoka kwenye madaftari yangu, nilifurahi kama mtoto, kisha nikaingiwa na baridi. Ukakaa chini kule chumba cha nyuma miezi saba, unaingiza ukurasa kwa ukurasa kwenye kompyuta, na siku moja ukanijia na daftari mkononi, ukaniuliza, baba, hizi nukta ni nini?

Nikakujibu, ni wino tu, mwanangu, kalamu ilikuwa inavuja.

Hukuuliza tena. Kwa nini uulize, na aliyejibu ni baba yako? Nilikuzuia kwa maneno matatu, kama mama yenu alivyonizuia mimi mlangoni, ila yeye hakujua na mimi nilijua. Halafu juzi umenisomea tasnifu yako. Ukanionyesha mchoro, mstari uko juu miaka kumi na mitatu, bomba linafika, mstari unaporomoka ghafla kama mtu aliyekosa ngazi. Umeandika kwamba bomba ndilo lililowaponya watoto. Na ukurasa wa mbele umeandika, kwa baba yangu, aliyepita kila nyumba. Nikakuomba unipe maji, unakumbuka? Sikuwa na kiu.

Kilichoushusha mstari mwaka ule ni swali, mwanangu. Nilipostaafu nilikaa nikazihesabu nukta zote. Zamani, kati ya watoto mia, arobaini walikuwa na N. Baada ya dodoso, kumi na wanane. Ukizirudisha nukta mahali pake, wanakuwa thelathini na sita. Spana, usiiname. Bomba lako lina faida, mama zenu hawavunjiki shingo tena kwa ndoo, na pengine hao wanne waliopungua ni kazi yako kweli. Lakini sijui, na dada yako hajui, na wakubwa watakaosoma kitabu chake watakwenda kwenye mitaa mingine, wataweka bomba, watakunja mikono, na watoto wataendelea kuota meno.

Kwa hiyo nakuagiza, na huu ndio wosia wenyewe, hayo ya vyumba yalikuwa maneno tu. Baada ya wiki tatu umeitwa kusimama mbele ya walimu watano kutetea tasnifu. Usisimame. Nenda kwa msimamizi wako, mwambie, baba yangu alinidanganya, na utaje jina langu, usinifichie, mimi sina tena kazi ya kufukuzwa. Mwombe muda. Rudi kwenye madaftari uzihesabu nukta upya, usiamini hesabu yangu. Ile miezi kumi na mitano ya mwanzo, kabla mdogo wenu hajafa, haina nukta, imepotea. Andika kwamba imepotea. Itakuchukua mwaka, pengine miwili, na wenzako watavaa majoho kabla yako, nawe utanichukia siku nyingine, na siku hizo nimekwisha kukusamehe.

Na nenda kwa mama mkunga. Nimemtumia salamu mara mbili mwaka huu, akajibu na zake, hakuja. Mwambie bwana afya anasema ulisema kweli mbele za watu, na yeye anakuomba radhi mbele ya wanawe. Akuambie swali liulizwe vipi, na jina lake uliandike kwenye kitabu chako, kamili. Pale mbele uliponiandika mimi patamtosha.

Spana, kile cheti kitoe kwenye fremu. Ndani ya kasha la kwanza kuna kadi ya kliniki ya mdogo wenu, ina uzito wake wa kila mwezi. Weka hiyo. Na usimcheke tena dada yako... au mcheke kidogo tu, nisije nikamwacha bila mtu wa kumchokoza. Mpelekee chai akiwa anaandika. Mbebee makasha. Msije mkagawanyika kwa sababu yangu.

Mungu awatunze. Awape watoto watakaowauliza maswali, na awape ujasiri wa kuwajibu. Nimeridhika nanyi. Nawaachia radhi zangu zote, hakuna niliyoibakiza.

Ngoja... nipumue.

Daktari, lile daftari la kumi na nne liko chini ya mto. Lifungue palipo na uzi. Nyumba yetu... mstari wa saba. Unaona H? Hiyo sikuiwekea nukta. Nilijaribu, mkono ukakataa. Nipe kalamu. Najua, usiniambie, rekodi haiguswi, nilikufundisha mwenyewe. Hatufuti. Tunapiga mstari mmoja, kosa libaki linasomeka... tunaandika lililo sahihi kando... na tarehe, na jina. Sivyo?

Nishike mkono. Hapo... pole pole. Mstari mmoja. Sasa N. Iandike ionekane.

Haya. Jina langu nitaliweka... bado naweza.

Na tarehe, wanangu. Leo ni tarehe ngapi?