Mwalimu Pétronille Nabintu na mzinga wa Kalundu

Ndugu, jamaa na marafiki, mapadri na wachungaji, walimu wenzake, na nyinyi wazee wa avenyu yetu ya Nyamianda mulioacha kazi zenu mukaja kuketi nasi tangu Ijumaa, jamaa imenituma mimi Georgette, kifungua mimba wake, nieleze mbele yenu njia ambayo mama yetu alipita hapa duniani, na nitaieleza kama alivyotueleza yeye mwenyewe, bila kutia chumvi, maana alikuwa mwalimu na hakupenda maneno yenye chumvi.

Mama Pétronille Nabintu alizaliwa Kavimvira tarehe 12 Machi 1941, mtoto wa kwanza wa babu yetu Eugène, mwanamaji wa meli iliyokuwa ikienda Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, Kalundu na Kigoma, na wa bibi yetu Élisabeth, aliyelima mihogo na kuanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, na nyuma yake alifuata mtoto mmoja tu, mjomba wetu Pontien, aliyezaliwa mwaka 1944. Bibi alifariki mwaka 1950, na kwa kuwa babu alikuwa majini siku nyingi kuliko nchi kavu, aliwapeleka watoto wote wawili Kigoma kwa dada yake, Pélagie, huko mama akasoma kwa masista waliofundisha kwa Kiingereza, wakati Pontien, ambaye darasa halikumwingia, alishinda bandarini akifungua na kufunga kila kitu chenye skrubu. Mwaka 1956 walirudi Uvira, mama akatumwa Bukavu kusomea ualimu kwa Kifaransa, akapata diploma yake mwezi wa sita 1960, siku chache kabla ya uhuru, akateremka kwa lori pamoja na watu waliokuwa wakiimba njia nzima, na yeye, alivyosema, aliimba pia, lakini mkono mmoja ulishika bahasha ya diploma isipeperuke.

Septemba ya mwaka huo alianza kazi katika masomo ya primeri ya Kalundu, yaani shule ya msingi, ambayo mkuu wake alikuwa amekwenda zake bila kuaga, kwa hiyo msichana wa miaka kumi na tisa akafundisha madarasa mawili ndani ya chumba kimoja na kupiga kengele mwenyewe. Tarehe 16 Februari 1963 alifunga ndoa na baba yetu Gaspard, fundi wa mota za mashua, na waliishi vizuri, kila mtu na ukimya wake, mpaka mwezi wa tano 1964, waasi walipoingia Uvira na mji ukapata wakubwa wapya.

Wakubwa hao waliunda komite, na prezida wa komite alikuwa Sévère, karani wa zamani, mtu mwenye sauti nzuri na koti ambalo hakulivua hata kwa jua la saa saba. Mji ulikuwa na hofu mbili, ndege kutoka juu na mashua za askari kutoka kusini mwa ziwa, na komite ilikuwa na uwezo wa kuagiza dawa ya hofu moja tu. Mwezi wa saba alifika mgeni, muuza silaha wa ng'ambo ambaye mama hakupata kujua vizuri nchi yake, pamoja na mwenzake aliyekuwa fundi wa silaha, na kwa kuwa wote wawili walisema Kiingereza peke yake, askari walikuja darasani kumchukua mama, mbele ya wanafunzi, wakamwambia aache chaki.

Mkutano ulikuwa Jumanne tarehe 14 Julai 1964, katika nyumba moja karibu na bandari, na mjomba Pontien, aliyekuwa ameingia kwa waasi kwa hiari yake, alisimama mlangoni kama mlinzi. Mgeni alitandika picha mezani, upande mmoja mizinga ya kutungulia ndege, upande wa pili nyambizi ndogo, yaani chombo kinachokwenda chini ya maji kikiwa na watu wawili ndani, na Prezida Sévère, tangu alipoiona picha hiyo, hakuangalia nyingine tena, alisema hakuna nchi jirani yenye kitu kama hicho, na kwamba siku chombo hicho kitakapoingia Tanganyika askari wote wa kusini watabaki kwao. Mgeni alipoona chombo kimependwa, alimgeukia mwenzake na kumwambia kwa sauti ya chini, kwa Kiingereza, kwamba ni bahati, maana kilizama kwenye majaribio kikaua watu wawili, na tangu hapo hakuna jeshi lililokubali kukichukua.

Mama akatafsiri maneno hayo kama alivyoyatafsiri mengine, kwa sauti ileile.

Prezida akauliza, "Mwalimu, weye ulimusikia muzuri?"

"Nilimusikia muzuri, Prezida."

"Lakini alisema na mwenzake, hakusema na siye."

"Alisema humu ndani. Minye niliitwa nitafsiri vyenye kusemwa humu ndani."

Mgeni alitaka kujua kinachozungumzwa, na mama, kwa kuwa hiyo nayo ilikuwa kazi yake, alimtafsiria yote, pamoja na yale aliyoyasema yeye mwenyewe, mgeni akawa mwekundu mpaka shingoni na kusema huyu mwanamke amemsikia vibaya, mama akalitafsiri na hilo. Prezida alikasirika kweli, wengine katika komite waliona aibu kwa niaba yake, na mmoja alisema mkalimani afungwe kwa kuharibu mipango ya mapinduzi, lakini mzee mmoja wa Kavimvira aliyekuwa na wana wawili wavuvi aliuliza, "Na wale watu wawili wa kuingia mule ndani, mutatoa wa nani?" Jioni hiyo komite iliacha nyambizi na kuagiza mizinga miwili ya kutungulia ndege, na Pontien alipomsindikiza dada yake nyumbani alikuwa akicheka peke yake njiani, akamwambia, "Dada, umetuokoa na lile sanduku," kisha akamwambia kwamba ameomba kuwa katika kikosi cha mizinga, na amekubaliwa.

Mizinga ilifika katikati ya mwezi wa nane, na yule fundi wa silaha alibaki kuwafundisha vijana, mama akitafsiri kutoka asubuhi mpaka jua kali, na kwa vitu ambavyo havikuwa na jina katika Kiswahili chetu alitafuta jina hapohapo, sehemu ya kulengea akaiita jicho, kitako chenye kuzunguka akakiita kinu, na vijana wakashika maneno hayo haraka, Pontien kuliko wote, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na darasa lenye skrubu. Mama alituambia kwamba siku hizo walifurahi, yeye na ndugu yake, na kwamba hataki tufiche kuwa walifurahi. Siku ya mwisho fundi alisema jambo moja ambalo mama alilirudia mara mbili ili lisikike, kwamba mzinga unaopiga ndege ndio kitu cha kwanza ambacho ndege hukitafuta, kwa hiyo usiwekwe karibu na nyumba za watu.

Mzinga mmoja ulipelekwa barabara ya kusini, na wa pili prezida aliuweka kwenye kiwanja cha masomo ya Kalundu, kwa sababu palikuwa pameinuka, pana uwazi, na bandari inaonekana yote. Mama alikwenda kumwona ofisini kwake.

"Ile mzinga iko mita chache na madarasa, Prezida, na tarehe ya kufungua masomo imefika."

"Ndiyo maana niliiweka pale," prezida alimjibu. "Marubani ni watu waliosoma, hawatapiga masomo."

"Toka kule juu, masomo na kambi yote ni mabati."

"Mwalimu, weye ni mkalimani. Kutafsiri umemaliza."

Basi mama alirudi, na Jumatatu iliyofuata aliwapanga wanafunzi mistari miwili, akawapeleka kwa miguu mpaka Nyamianda, kwenye hangari ya pamba iliyokuwa imebaki tupu, akafundisha huko, siku baada ya siku, ingawa wazazi wengi walinung'unika kwamba njia ni ndefu, na wengine walisema wazi kwamba anayeukimbia mzinga wetu anawangojea adui. Komite ilimtuma askari kumwambia arudi, mama akamjibu kwamba mzinga ukae wapi ni kazi yao, na watoto wasomee wapi ni kazi yake, jibu ambalo kwa miezi ile lingeweza kumfikisha mtu mahali pabaya, na walikuja kweli kumchukua, akalala kizuizini usiku mmoja, mpaka Pontien alipokwenda kwa prezida na kumwambia kwamba ni yeye aliyeomba watoto waondolewe, kwa sababu kelele zao zinamzuia kusikia ndege zikiwa mbali. Haikuwa kweli, lakini prezida alipenda sababu ya kijeshi, akamwachilia mama.

Alhamisi tarehe 17 Septemba 1964, asubuhi, ndege mbili zilikuja kutoka upande wa ziwa, na mzinga wa Kalundu ukapiga, na walioona wanasema ulipiga vizuri, ndege ya kwanza ikageuka ikiacha moshi nyuma yake na haikujulikana iliishia wapi, lakini ya pili ilizunguka juu ya milima, ikarudi kwa nyuma, na kikosi hakikuwahi kukizungusha kinu. Paa la masomo liliangukia madawati ambayo hayakuwa na mtu, na kiwanjani walikufa vijana watatu, mjomba wetu Pontien akiwa mmoja wao, na umri wa miaka ishirini. Mama alisikia mshindo akiwa hangarini, akawaambia wanafunzi wakae chini, wasitoke mpaka mzazi aje, akangoja mpaka mtoto wa mwisho alipochukuliwa, ndipo akaenda Kalundu, akamkuta babu Eugène ameketi karibu na mwanawe, amemfunika kwa shati lake mwenyewe.

Sisi watoto wake tulimuuliza zaidi ya mara moja juu ya siku hiyo, na alijibu mara moja tu, mwaka 1988, tukichambua maharage, akasema, "Nilisema ukweli juu ya kile chombo, na ule ukweli ndio ulimufikisha Pontien ku mzinga. Wangeniuliza leo, ningesema vilevile. Lakini musifikiri kwamba haikuniuma." Akaendelea kuchambua maharage.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi askari wa serikali waliurudisha mji, komite ikatawanyika, na kwa kuwa watu walianza kumtaja mkalimani wa waasi, baba na mama walivuka Ruzizi wakaenda Bujumbura, ambako mimi nilizaliwa tarehe 11 Februari 1965, na babu Eugène, aliyekataa kuliacha kaburi la mwanawe, alibaki Kavimvira mpaka alipofariki mwaka 1971. Waliporudi mwaka 1967 mama aliitwa kuhojiwa, afisa akamuuliza aliwafanyia waasi kazi gani, akajibu kwamba alitafsiri, na alipoulizwa kama alitafsiri kwa uaminifu, akasema hakujua namna nyingine ya kutafsiri. Hawakumfunga, lakini hawakumrudishia darasa la Uvira, wakampeleka Kamanyola, mbali na ziwa, akafundisha watoto wa wakulima miaka minne, na huko walizaliwa Félicité, mwaka 1968, na Pontien wetu, mwaka 1970, kisha aliporudishwa mjini akazaliwa Gloriose, mwaka 1973.

Mwaka 1975 walimkumbuka tena, kwa sababu zilikuwa zimeletwa mashua za doria za kigeni na mafundi wenye kusema Kiingereza, akakubali kutafsiri, na kabla ya somo la kwanza alimuuliza kapiteni zitafungwa wapi. Kapiteni alisema zitafungwa pale penye soko la samaki, maana kuna kivuli, mama akasema basi atangoja mpaka zihamishwe, akaketi kwenye kiti na mkoba wake magotini, mafundi wakaketi nao, na saa sita kapiteni akatoa amri zivutwe mpaka ng'ambo ya gati. Zilifanya kazi miaka michache, vipuri vikakosekana, zikaoza palepale, na mama hakuona ajabu.

Alifundisha mpaka alipostaafu mwaka 1999, na vita vya 1996 na vya 1998 vilipopita hapa hakukimbia tena, alisema miguu yake imeshakimbia sehemu yake. Baba yetu Gaspard alitutoka tarehe 2 Mei 2004. Mwaka 2011 mama aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa sukari, akafuata masharti kwa ukali uleule aliotuwekea sisi, lakini tangu Krismasi iliyopita figo zililegea, akalazwa mara tatu, na siku ya Ijumaa tarehe 3 Juni 2016, asubuhi, baada ya kumwomba Félicité afungue dirisha, alifariki, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, ameacha watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na kitukuu mmoja.

Jamaa inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na hasa yule muuguzi wa zamu aliyemwita "Mwalimu" mpaka dakika ya mwisho, inawashukuru majirani wa Nyamianda waliotuletea maji na kuni bila kuulizwa, walimu waliofunga madarasa yao leo, na ndugu waliovuka mpaka kutoka Bujumbura na Kigoma. Tunawashukuru pia mzee Thaddée na wenzake, ambao mwaka 1964 walikuwa wanafunzi wa hangari ya pamba, na leo ni mababu wenye fimbo, walikuja jana kutuambia kwamba jeneza watalibeba wao. Tumewaambia njia ya makaburi imepanda na jua ni kali, wakatuambia tusiwafundishe kutembea. Vijana, tunawaomba mutembee karibu nao, pembeni, bila kuwashika mpaka watakapoomba wenyewe.

Mama, tumekusindikiza, lala salama mikononi mwa Bwana.