Barua Iliyoanza na Ndugu

Siku hiyo Romani hatulii. Anakaa, anasimama, anakaa tena, mpaka benchi la kijiwe chao pale Temeke, mbele ya duka la ushirika, likaanza kulalamika. Huyu ni mchonga vinyago ambaye wenzake walimbandika jina la Mkorea. Gari la sinema lilileta filamu ya sehemu tatu kutoka Korea Kaskazini, akazitazama zote, na tangu hapo akawa anachana nywele pembeni kama yule kijana wa kwenye filamu. Sasa mfukoni ana barua ya mchumba wake Atuganile, mwalimu katika kijiji cha ujamaa huko Kimbiji. Aliyeileta ni Hamisa, muuza nazi, na mchana huu anarudi, anataka jibu. Barua inaanza: “Ndugu Romani.” Miaka miwili ilikuwaga “Romani wangu.”

— Ndugu, alisema Romani. Nyie mnaona sawa hiyo?

Redio, fundi wa kiwanda cha nguo asiyejua kunyamaza, akapuliza kahawa yake.

— Sawa kabisa. Kwani kwenye sinema yako yule binti alimwitaje kijana? Ndugu, shika jembe. Ndugu, kunywa maji. Na huku machozi yanamtoka.

— Yanamtoka vizuri, alisema Romani, na kwa muda akasahau shida yake. Yule dada halii kama sie. Uso umetulia, chozi linashuka taratibu mpaka kidevuni, na halifuti. Mie nililia kabla yake.

— Mchelea mwana kulia hulia yeye, alisema Redio.

— Methali hiyo haihusiki, alisema Katibu. Huyu alikuwa karani bandarini, wala hakuwa katibu wa kitu chochote, ila aliongea kama yuko mkutanoni. Hoja ni hii, aliendelea: ndugu ni neno la Chama. Huko vijijini neno mpenzi limefutwa.

— Kafuta nani? aliuliza Romani.

— Limefutwa tu.

— Basi kufuta huko kumeanzia Korea, alisema Redio. Kule hamna wapenzi. Mtu anagawiwa mke na ushirika, kama mbolea. Ndiyo maana wale wawili hawakushikana hata mkono.

— Hawakushikana kwa sababu ni ndugu kweli, tumbo moja, alisema Katibu. Hukuona wanavyocheka?

— Na mwisho wa filamu si walioana? aliuliza Romani.

Katibu akaomba kikombe kingine.

— Mie nitawaambia, alisema Redio. Mwenyekiti wa kijiji alimsimamia akiandika. Atakuwa kafiwa na mke, huyo, anamtaka mwalimu.

Romani akasimama tena. Hofu ilimshika kwelikweli. Mwanamke mwenyewe alikuwa Atuganile mmoja tu.

— Tulia bwana, alisema Redio. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Basi nenda Kimbiji ukalime, yaishe.

Hamisa akatokea, tenga tupu mkononi. Wakamwamkia shikamoo, akaitikia.

— Jibu liko wapi? Nawahi pantoni.

— Bado tunajadili maana ya ndugu, mama, alisema Katibu.

Wakamweleza. Hamisa akasikiliza mpaka mwisho, akamgeukia Romani.

— Na wewe ile barua ya mwezi jana, uliianzaje?

Romani alikumbuka. Aliiandika siku ya pili baada ya sehemu ya tatu ya filamu, kifua mbele, akijiona ni yule kijana: “Ndugu Atuganile, shika jembe lako, nami nashika langu.” Aliisoma mara mbili kwa raha kabla ya kuikunja.

— Alipoisoma alikaa chini, alisema Hamisa. Akaniuliza kama nimekuona na mwanamke mwingine. Nikamwambia sijui.

Romani akaomba karatasi. Katibu akampa, na kalamu. Akaandika “Atuganile wangu,” akakwama hapohapo. Redio akafungua mdomo amsaidie, Hamisa akamwambia anyamaze.