Mzee Moffat Wahome na Kilometa Ishirini na Mbili za Tawi la Mbao

Ijumaa ya tarehe 29 Desemba 1989, Mzee Moffat Wahome, nyapara wa genge la njia, anastaafu baada ya kuitumikia reli miaka thelathini na mmoja na miezi kumi. Kumi ya kwanza aliitunza, mitatu aliilinda bila kuulizwa, na kumi na minane iliyobaki ameing'oa. Mimi Saumu Dawud, karani wa stoo, nimeombwa kuandika haya kwa sababu wenzangu wanadai ni mimi peke yangu niliye na kalamu yenye wino.

Kwa wageni wetu: Tawi la Mbao lilikuwa njia ya kilometa ishirini na mbili, kutoka njia kuu hapa chini ya Nyeri hadi kiwanda cha mbao upande wa Endarasha. Wakoloni walilijenga kwa miezi kumi na minne. Miti ilipokwisha mwaka 1968 kiwanda kikafungwa na treni zikakoma, ila ofisi ilisahau kumwarifu Mzee Wahome. Akaendelea kukata nyasi na kukaza parafujo miaka mitatu mizima. Wakaguzi walimsifu kwamba njia yake haikuwa imechakaa hata kidogo.

Mwaka 1971 ikaja amri ya kuing'oa. Mhandisi Muriithi alifika kutoka makao makuu na ramani mpya na viatu vipya. Mzee Wahome akapendekeza kwa adabu kwamba kazi ianzie mwisho, kule kiwandani, ili reli zinazong'olewa zibebwe na treni juu ya zile zilizobaki. Mhandisi akamweleza, kwa upole wa mtu aliyesoma, kwamba kazi yoyote huanzia mwanzo, na mwanzo ni kilometa sifuri. Ilikuwa imeandikwa kwenye ramani. Mzee akavaa kofia yake, na Jumatatu wakaanza kilometa sifuri.

Kufikia Ijumaa, injini na mabehewa sita yaliyotangulia kiwandani kungoja mzigo wa reli hayakuwa na njia ya kurudi. Baada ya mwezi ofisi ilituma barua ikiuliza kwa nini injini imechelewa.

Hiyo ndiyo sababu kazi ya miezi sita imetuchukua miaka kumi na minane. Kila reli ilishuka kwa mabega na mikokoteni ya punda, na msimu wa viazi punda wote wa Endarasha wana shughuli nyingine. Ile injini ilihesabiwa kuwa kazini, hivyo dereva wake, Theuri, aliripoti kwenye injini hiyo kila asubuhi kwa miaka sita, akaipangusa, na kuku wake wakatagia ndani. Ilipokatwa vipande kuwa chuma chakavu Theuri alilia, na hakuna aliyemcheka.

Mzee Wahome mwenyewe hakulia, ila miezi ya kwanza hakuwa mtu wa kusemeshwa. Parafujo alizokuwa akizifungua alizikaza yeye akiwa kijana, na nyingine alizitambua. Baadaye roho ilimtulia, akawa anacheka hata barua za ofisi. Vipande vifupi vilivyobaki aliwapa walimu, na leo shule nyingi za huko juu hugonga reli yetu kuwaita watoto darasani. Ofisi haijauliza, nami sijasema.

Sasa nije kwenye jambo lililotusumbua mwaka huu. Kilometa ya kumi na tisa kuna daraja juu ya mto Gathiri. Mwaka 1974, mwezi wa Aprili, mto huo ulimchukua mama mmoja aliyekuwa akivuka kwa miguu kupeleka maziwa. Baada ya mazishi Mzee Wahome aliamua kuziacha reli nne za daraja mahali pake, na Mwalimu Wachuka wa shule ya ng'ambo akawakusanya wazazi wakapigilia mbao juu yake. Tangu siku hiyo mto haujamchukua mtu.

Agosti iliyopita ofisi iligundua kwamba reli nne hazijaingia stoo. Ikaandika kwamba mfanyakazi hawezi kustaafu kutoka kazi ambayo haijaisha, na kwamba Mzee Wahome atabaki kazini hadi nizipokee na kutia sahihi. Mtu wa miaka hamsini na mitano, magoti yameisha, mkewe Monicah, mama yake Warigia, anamngoja nyumbani. Alikwenda darajani na genge na spana zote. Watoto walikuwa wakitoka shuleni. Akawapisha hadi wa mwisho, kisha akarudi kwangu na spana zikiwa hazijagusa parafujo hata moja.

"Saumu, hii daraja mimi sing'oi," aliniambia. "Wale watoto watapita wapi? Andikia ofisi niko hapa mpaka nife, lakini hiyo sing'oi."

Nilikasirika siku mbili, si naye. Siku ya tatu nikazisoma kanuni za stoo, ambazo nadhani hakuna mwingine aliyewahi kuzisoma. Zinasema karani anaweza kuteua mahali popote pafaapo pa kuhifadhi vifaa vizito, mradi pawe pakavu, juu ya ardhi, na visiwe rahisi kuibwa. Jumatano iliyofuata nilikwenda Gathiri, nikapaka namba za stoo kwenye reli zote nne kwa rangi nyeupe, nikatia sahihi kwamba nimezipokea zikiwa nzima. Barua ya kustaafu ilirudi jana ikiwa na muhuri. Mkaguzi akija kuziona, nitampeleka mwenyewe, na atavuka pamoja na watoto.

Mzee Wahome, kwa niaba ya genge lote, asante kwa mikono yako na kwa ukaidi wako. Tunakuombea afya, mvua ya kiasi shambani, na miaka mingi ya kukaa na Mama Warigia bila barua ya ofisi. Kazi imeisha. Nenda nyumbani, baba, na kwa kuwa kwako ni ng'ambo ya Gathiri, pitia stoo.