Kifaru cha Fundi Nyabuto

Kijiwe chetu ni ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe, mbele ya kibanda cha Fundi Nyabuto cha kutengeneza simu, hapa sokoni Suneka. Kando yake Persis anachemsha kahawa ya tangawizi kwenye jiko la makaa, na kando ya Persis niko mimi na viatu vyangu vya mitumba, ambavyo wateja huvinusa kwanza kabla ya kuuliza bei. Wa kudumu tunajulikana. Kuna Kanali, jina lake Nyakundi, ambaye alikuwa mlinzi wa lango kwenye kiwanda cha majani chai kule Itumbe na hajawahi kuwa mwanajeshi hata kwenye maigizo ya shule; cheo alikipata kwa sababu ya koti lake la ulinzi, linalofanana na la jeshi. Kuna Mzee Anyona, tunayemwita Sabato, ambaye kanisa lake halimruhusu kahawa, kwa hivyo huagiza maji moto na kushinda kwenye kijiwe cha kahawa tangu asubuhi. Halafu kuna Eric wa bodaboda, tunayemwita Mtandao kwa kuwa simu yake ni kubwa. Wiki hii wamekuwa na kazi moja tu, kumfundisha Nyabuto kutengeneza kifaru cha vita.

Aliyekiagiza ni Nyakerario wa Kiogoro. Mwanawe Walter amerudi kutoka jeshini, amerudi moja kwa moja, na huko alikuwa dereva wa kifaru. Tangu arudi anakula, anapalilia migomba, anasalimia watu, basi. Ukimuuliza mambo ya huko anakuuliza kama kwenu kumenyesha. Jumapili hii mama yake anamfanyia sherehe ya shukrani, na alipokuja kwa fundi nilikuwepo. Alisema, “Nitengenezee hiyo gari yake niweke kwa meza. Labda akiona atasema kitu. Nimechoka kukaa na mtoto sijui alikuwa wapi.” Akaacha picha moja: Walter amesimama ubavuni mwa kifaru, anacheka. Akasema pia Walter asijue, na akaondoka akifuta macho kwa leso bila kujificha.

Nyabuto ni mtu mwoga kidogo, na hilo ndilo humfanya fundi mzuri. Alipima ile picha kwa rula, akaamua kila mita ya kifaru cha kweli iwe vidole viwili. Mwili akaukata kwenye kopo la rangi. Mzinga ni antena ya redio. Minyororo ya magurudumu ni cheni ya baiskeli, magurudumu yenyewe ni vizibo vya chupa za dawa, na vichwa vya misumari ni matone ya lehemu aliyoyadondosha moja moja, amevaa ile miwani yake ya kukuza vitu. Kikakaa vizuri kwenye sinia. Akakipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti la jirani, na Alhamisi asubuhi akakiweka juu ya ubao tukione. Hapo ndipo alipokosea.

Kanali: Fundi, hiyo mzinga ni fupi. Kifaru bila mzinga ndefu ni trekta.

Nyabuto: Nimepima kwa picha.

Kanali: Picha inapunguza. Wewe ukipigwa picha si unaonekana mfupi?

Mtandao: Huyu ni mfupi hata bila picha, Kanali.

Kanali: Vuta hiyo antena kidogo.

Nyabuto: Sivuti. Nikikosea, Walter ataona tulikuwa tunamchezea. Ataamka aende kwa migomba, na mama yake amealika watu.

Kanali: Na hii pete hapa katikati ya mzinga umeiweka ya nini?

Nyabuto: Iko kwa picha. Kitu iko kwa picha naweka.

Kanali: Hujui kazi yake. Hiyo ni breki. Risasi ya kifaru iko na mbio mingi, ikipita hapo inashikwa kidogo, ndiyo isivuke mpaka ikaangukie watu wa nchi ingine.

Sabato: Ndiyo wazee walisema chanda chema huvikwa pete.

Mimi: Mzee, hiyo ni ya wasichana wakiolewa.

Sabato: Na kifaru haiwezi kupendwa?

Hilo akalihesabu kuwa ushindi. Alipuliza maji yake ya moto, akanywa, akasifu jinsi yalivyo safi. Persis alimtazama mtu anayesifu maji kwenye biashara yake ya kahawa, akachochea makaa.

Mtandao: Shida yenu nyinyi mnaangalia mzinga. Mimi nimecheki kwa simu wazungu wanatengeneza hizi vitu. Shida ni hii kitu ni safi sana. Inakaa imetoka dukani.

Nyabuto: Sasa nifanye nini?

Mtandao: Matope, fundi. Wanazeesha. Wanapaka matope kwa cheni, kutu pale kwa bomba ya moshi, na pale watu wanakanyaga wakipanda wanaparuza rangi, chuma ionekane. Hapo ndiyo inakuwa ya ukweli.

Sabato: Ngoja kwanza. Hii ni zawadi ya shukrani. Pasta atakuja aombe juu ya matope?

Mtandao: Mzee, vita iko na matope.

Sabato: Gari ya kubeba maiti inaenda kila mahali na matope, lakini kabla ibebe mtu inaoshwa. Ukileta zawadi chafu kwa boma ya mtu unamwambia yeye ni mchafu. Mficha uchi hazai.

Kanali: Sasa hiyo imeingiaje?

Sabato: Imeingia. Fikiria ukifika nyumbani.

Hoja ya Sabato, ukitoa methali, haikuwa mbaya. Huku kwetu hata jembe la kuazima unaliosha kabla ya kulirudisha. Nyabuto alishika brashi, akaangalia picha tena. Kwenye picha tope lilikuwepo, limeganda hadi karibu na goti la Walter. Mwishowe akasema ataweka kidogo chini, juu kubaki safi, na Jumapili watakiweka upande ambao pasta hataona. Nikafikiri yameisha. Kumbe udongo wenyewe ulikuwa bado haujachaguliwa.

Kanali: Mimi nitaleta wa Itumbe. Mwekundu, unashika. Ukikanyaga huo na kiatu mpya umeoa.

Sabato: Aliondoka Kiogoro akarudi Kiogoro. Wekeni ya Kiogoro.

Mtandao: Wazee, kifaru haikuwa Kiogoro. Huko alikuwa ni mchanga, tena nyeupe. Mtampaka kifaru udongo ya viazi?

Kanali: Kwani nani alimwona huko?

Mtandao: Si unaona picha?

Kanali: Picha haina rangi ya ukweli. Na wewe unafikiri kifaru inakaa mahali moja? Kifaru inatembea chini ya ziwa. Inaingia upande huu na dereva wake, inatokea upande ule, samaki wamejaa kwa cheni. Kule kiwandani tulikuwa na dereva alikuwa na binamu aliona.

Mtandao: Aliona kutoka wapi, akiwa chini ya maji?

Kanali: Alikuwa kwa mashua. Na nitawaambia kitu ingine. Hizi milima ya Manga mnaona, ndani iko wazi. Kumewekwa moja huko, imefunikwa na majani. Ndiyo maana umeme ya hii upande inapotea jioni. Wanaiwasha kidogo isishike kutu.

Persis: Mimi natoka Manga.

Kanali: Wangekuambia wewe?

Nyabuto hakusikiliza tena. Alikuwa amechota mchanga mweupe kwenye ndoo ya mtu anayejenga choo jirani, anausugua kwa kidole. Akasema punje ni kubwa. Kwa kipimo chake, punje ya mchanga ingekuwa jiwe la kumwua ng'ombe. Akaomba kichungi cha kahawa.

Persis: Kichungi gani?

Nyabuto: Hicho.

Persis: Mtanirudishia na mchanga, halafu mnywe kifaru.

Lakini alikitoa. Aliuchekecha mwenyewe, polepole, vumbi likatoka laini mfano wa unga wa wimbi. Nyabuto akalichanganya na gundi na kupaka kwenye cheni. Akaparuza rangi kwenye kingo kwa ncha ya bisibisi, sehemu ambazo buti hukanyaga. Lazima niseme ukweli, kikabadilika. Kilikuwa kopo, sasa kilikuwa kitu kilichotoka mahali. Hata Kanali alitulia, na Kanali hutulia akilala tu.

Sabato: Haba na haba hujaza kibaba.

Hiyo ilikuwa sahihi, tukaiacha ipite.

Persis: Lakini si mngemwuliza Walter mwenyewe?

Mtandao: Ni sapraizi, Persis.

Kanali: Tena mwanajeshi haulizwi. Amekula kiapo. Akisema kitu kimoja tu, mshahara wa uzeeni unakatwa.

Sabato: Mimi nadhani ni masikio. Ile kelele imekula masikio. Kijana anasikia nusu, kwa hivyo anajibu nusu.

Mtandao: Zii. Huyo anaandika kitabu. Watu wakiwa kimya hivyo wanaandika kitabu.

Kanali: Au alipewa sindano. Kuna sindano ya kusahau. Wanakudunga ukitoka kwa geti, unabaki kujua tu jina na kijiji.

Persis: Na kupalilia?

Kanali: Kupalilia haitoki. Hiyo iko kwa damu.

Tulikuwa hapo, kwenye damu, Walter mwenyewe alipotokea upande wa wauza ndizi. Anatembea taratibu, kofia mkononi. Kanali akavua koti na kulitupa juu ya sinia kwa wepesi ambao hatukujua anao, lakini mzinga ulikuwa mrefu wa kutosha kuliinua koti kwa mbele. Mtandao akaanza kuimba. Nyabuto akashika simu ya mteja akaigeuza juu chini.

Walter: Bwakire.

Tukaitikia wote kwa pamoja, kwa sauti ya watu walioiba kitu. Akamwambia Nyabuto simu yake haishiki chaji. Nyabuto akaipokea bila kuiangalia. Walter akatazama koti, akatutazama sisi, akaliinua.

Nilimfikiria Nyakerario na sahani zake za kuazima, na watu aliowaalika, na siri yake iliyoharibikia sokoni mikononi mwetu. Walter aliketi kwenye ubao, akakichukua kifaru mikononi.

Walter: Hii ni antena ya redio.

Nyabuto: Ndiyo.

Walter: Na hii ni cheni ya baiskeli.

Nyabuto: Ya baiskeli, ndiyo. Ni mama yako aliomba. Ilikuwa ya Jumapili. Nisamehe kama nimekosea, mimi ni wa simu.

Walter: Hujakosea hapa. Hii vumbi iko sawa kabisa. Nani alijua hii vumbi?

Mtandao aliinua mkono kidogo kama mwanafunzi, halafu akaushusha. Walter aliendelea kukizungusha. Alipitisha kidole kwenye misumari ya lehemu, kwenye pete ya mzinga, kwenye kingo zilizoparuzwa. Nilimwona akikaribia kutabasamu. Kisha akakigeuza akakiangalia juu, pale ambapo picha ya mama yake haikuonyesha kitu, na ukucha wake ukaanza kutafuta kwenye bati, mbele, katikati, ukazunguka, ukarudi tena mbele.

Walter: Mlango iko wapi?

Kanali alikuwa ametueleza breki ya risasi na ndani ya milima ya Manga. Sasa aliangalia ndani ya kikombe chake.

Mtandao: Si ni hapo nyuma?

Walter: Nyuma ni injini.

Mtandao: Basi chini.

Walter: Tulikuwa watu wanne ndani ya hii kitu. Mnafunga, halafu mtu anatokea wapi?

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, na hilo ndilo lililotushinda. Tangu asubuhi tulikuwa tumezunguka nje ya kifaru, tumekipaka, tumekizeesha, tumebishana juu ya vumbi lake, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumweka mtu ndani. Nyabuto alichukua kalamu ya wino mzito anayoandikia majina ya wateja kwenye simu zao. Akampa.

Nyabuto: Nichoree. Mimi sijui.

Walter alikikalisha kifaru kwenye mapaja. Akachora duara mbele, karibu na mzinga.

Walter: Yangu. Dereva anakaa chini hapa, unalala kidogo mgongo. Mkono yako inafika juu bila kuangalia.

Akachora jingine juu ya kichwa cha kifaru, upande wa kulia.

Walter: Ya kamanda. Mwenye kupiga mzinga alikuwa anatokea hapo pia. Mimi nilitoka, hao wawili wakatoka.

Akahamia upande wa kushoto. Kalamu ilikaa juu ya bati bila kuandika, na Persis, ambaye tangu asubuhi hajakaa, akakaa.

Walter: Hii ilikuwa ya Nyangau. Ilikataa kufunguka.

Akachora duara, dogo, akalifuata mara ya pili mpaka likawa jeusi. Sabato alivua kofia. Walter akamrudishia fundi kalamu, kisha kifaru, akikishika kwa chini ili rangi isichubuke.

Walter: Mama asijue nimeona. Jumapili nitakaa kwa meza, nitamwambia.

Nyabuto: Sawa. Na hizi milango, nizichore tu, ama nikate?

Walter: Hizi mbili chora.

Nyabuto: Na hii ya tatu?

Walter: Hiyo kata, uweke bawaba. Iwe inafunguka.